PANGABOI LINAZUNGUKA, MSIKITI MTUPU: ISRAFU TUSIYOIHESABU KUWA DHAMBI



Himdi zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, leo nitasema jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya wenzetu: viongozi wa misikiti, wenye mashine za kusaga, mafundi mota, na hata sisi masheikh tunaopenda kukaa chini ya pangaboi tukihubiri zuhdi. Anayeudhika na asome mpaka mwisho, kisha aseme wapi nimekosea.

Mwezi wa Juni nilialikwa nikahi huku Kigwa. Wenyeji wa Tabora mnaijua Juni yetu: mchana jua, usiku baridi inayokufanya utafute blanketi mbili. Tuliswali Isha, watu wakatawanyika, nami nikakaribishwa nyumba ya jirani. Saa kumi na moja alfajiri nikatoka kwenda msikitini mapema. Nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli, na ndani taa zote zinawaka na mapangaboi kumi na mawili yanazunguka. Msikiti mtupu, nje baridi inauma, na mapangaboi yanampepea nani? Yanapepea mikeka!

Alipofika mwenye funguo nikamuuliza. Akajibu kwa adabu kabisa: "Shekhe, hayo huwa yanazunguka tu. Swichi iko juu, na kila mtu anadhani mwenzake atazima." Mzee mmoja wa kamati akaongeza: "Sisi tuliona kuzima pangaboi la nyumba ya Allah ni ubahili."

Ijumaa ile ile, baada ya swala, kikapu kikapitishwa. Mchango wa LUKU. Nikamwona bibi mmoja akifungua fundo la kanga na kutoa shilingi mia tano. Na wiki hiyo hiyo, mjane wa hapo hapo alikuwa ameomba msaada wa sare na madaftari ya watoto wake yatima, akaambiwa asubiri, mfuko umekwisha kwenye umeme.

Tafadhali nihesabieni, maana hesabu haina upendeleo. Pangaboi la kawaida la darini hula umeme wa wati 75 hivi. Kumi na mawili ni wati 900. Kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa nane na nusu. Hizo ni uniti 7.65 kila usiku. Tukihesabu uniti kwa shilingi 350, usiku mmoja ni kama shilingi 2,680. Mwezi mmoja ni zaidi ya shilingi 80,000. Bado sijazitaja taa.

Mia tano ya yule bibi haikutosha hata robo ya usiku mmoja wa kupepea mikeka. Na sare za yatima ziliingia kwenye upepo ule ule.

Sasa niambieni, huo ni ukarimu kwa nyumba ya Allah, au ni ubadhirifu wa mali ya Allah?

DINI INASEMA NINI?

Katika Suratul A'raaf, aya ya 31, Allah anaturuhusu kula na kunywa na anatukataza kupindukia, na anatujulisha kwamba Yeye hawapendi wenye israfu. Angalieni, aya hiyo hiyo inaanza kwa kutaja kujipamba tunapokwenda kwenye mahala pa ibada. Msikiti na israfu vimetajwa mahali pamoja! Katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, wabadhirifu wameitwa ndugu wa mashetani. Ni neno zito. Hakuna mwizi wala mlevi aliyetajwa hapo, ametajwa mwenye kufuja.

Kuna hadithi mashuhuri ya sahaba Sa'd (r.a.) aliyekuwa akitawadha kwa maji mengi, akaulizwa na Mtume (s.a.w.) kuhusu israfu ile. Naye akashangaa kama kuna israfu hata katika udhu. Akajibiwa kwamba ipo, hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wa hadithi wamezungumza juu ya udhaifu wa isnadi yake, nami sifichi hilo. Lakini maana yake inaungwa mkono na aya tulizozitaja, na mafakihi wameukataza ufujaji wa maji ya udhu kizazi baada ya kizazi.

Mtume (s.a.w.) pia aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala. Sababu iliyotajwa katika hadithi ni usalama: panya anaweza kuuburuta utambi akawaunguzia watu nyumba. Sitaivuta hadithi hii iseme nisichoambiwa. Ila inatosha kumjibu anayesema kwamba taa si jambo la dini. Kumbe taa ina hukumu yake tangu zama za Madina. Na mafakihi wetu walijadili mafuta ya taa ya msikiti yanayonunuliwa kwa mali ya wakfu: yawashwe lini, kwa manufaa ya nani, na yakibaki yaende wapi. Wazee wale waliyahesabu mafuta ya kibatari cha msikiti, na sisi tunashindwa kuhesabu LUKU?

Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Abdul-Aziz (rahimahullah) aliizima taa ya mali ya umma pale mazungumzo yalipogeuka kuwa ya nyumbani kwake, akawasha yake mwenyewe. Tunakipenda kisa hiki, tunakisimulia kila Ramadhani, tena chini ya taa arobaini zinazowaka mchana!

Kwa hiyo mali ya msikiti ni amana. Mwenye funguo ni mwenye amana. Mweka hazina ni mwenye amana. Na amana inaulizwa Yaumul Qiyama.

NJOO SASA KWENYE MASHINE YA KUSAGA

Msidhani nimewalenga watu wa msikiti peke yao. Duniani, zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote hutumika kuendesha mota: pampu, feni, viyoyozi, majokofu, mashine za viwandani. Kwa hiyo anayezungumzia israfu ya umeme akaacha mota, amefagia uani na kuacha takataka sebuleni.

Mota kubwa ya kijijini kwetu ni ya mashine ya kusaga. Mama anakuja na ndoo ya mahindi kichwani, anasagiwa dona, analipa. Katika hela ile anayolipa kuna bei ya unga, na kuna bei ya uzembe wetu.

Chukua mota ya kilowati 15, yaani kama nguvu farasi 20. Tuseme inafanya kazi kwa mzigo kamili saa sita kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mota hizi zina madaraja ya ubora yanayotambulika duniani, huandikwa IE1, IE2, IE3 na kuendelea, kwenye kile kibati kilichopigiliwa ubavuni. Mota ya ukubwa huo ya daraja la IE1 hugeuza asilimia 88.7 ya umeme kuwa kazi. Ya IE3 hugeuza asilimia 92.1. Unaweza kusema, asilimia tatu na ushei ni nini? Hesabu: tofauti yake ni kama uniti 97 kwa mwezi, yaani shilingi 34,000, yaani zaidi ya laki nne kwa mwaka.

Hayo ni ya mota mpya kwa mota mpya. Sasa njoo kwenye mota zetu halisi. Mota imeungua, inapelekwa kwa fundi kusukwa. Fundi mwema atatoa koili la zamani taratibu, atapima unene wa waya, atahesabu mizunguko, atarudisha vilevile. Mota ile itaishi na itafanya kazi karibu kama ilivyokuwa. Fundi mbaya anaitia moto mkali ili koili litoke haraka. Moto ule unaharibu zile bati nyembamba za chuma zilizopangwa ndani, ambazo kila moja imepakwa kizio chake ili umeme usizurure humo. Kisha anaweka waya mwembamba kwa sababu ndio aliokuwa nao, na anakwambia: "Tayari, jaribu." Inazunguka! Wewe unafurahi kwa kuwa inazunguka.

Inazunguka, lakini inachemka. Ikishuka hadi asilimia 85, hiyo mota inakula kama uniti 212 zaidi kila mwezi kuliko ile ya IE3 inayofanya kazi ile ile. Hizo ni shilingi 74,000 kwa mwezi, karibu shilingi 890,000 kwa mwaka. Pesa yote hiyo imegeuka joto, imepasha hewa ya banda. Na nani kailipa? Mwenye mashine anapandisha bei ya kusaga. Imelipwa na yule mama wa ndoo.

Wazee wetu wa Unyanyembe walikuwa wapagazi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita huku, na Kigwa ilikuwa kituo kabla ya kufika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Pagazi alibeba frasila mbili hivi, na kila frasila ni kama kilo 16. Mzigo ulipimwa kabla ya safari, na pagazi aliujua uzito wake kwa bega lake. Hebu fikiria ungemtilia jiwe la kilo tatu katikati ya vitambaa, alibebe kutoka pwani mpaka huku, na mwisho wa safari ulitupe. Angekulaani, na angekuwa na haki. Mota mbovu ndiyo jiwe lile. Tofauti ni kwamba pagazi wa leo ni yule mama, na jiwe amefichwa asilione. Wajukuu wa watu waliopima kila frasila leo hatusomi kibati cha mota!

Na nyie mnaouza mota kuukuu mkaibandika kibati kipya, mkaiita ya daraja asilokuwa nalo, mnakijua kisa cha mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu? Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo, akakuta umaji, akamkemea na kujitenga na wenye kughushi. Kibati cha uongo ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyolowa. Na Suratul Mutaffifin inaanza kwa maangamizi juu ya wanaopunja vipimo. Kilowati nacho ni kipimo.

Wala asitokee mjanja akasema dawa ya bili kubwa ni kuchezea mita. Huo ni wizi, haujifichi nyuma ya umasikini. Anayepita pembeni ya mita ameiba kwa kila Mtanzania anayenunua tokeni.

SHUBUHA ZAO NA MAJIBU YAKE

Nimeshasikia wanavyojibu, nami nazijibu moja baada ya moja.

Shubuha ya kwanza: "Shekhe, haya ni mambo ya mafundi, si ya mimbari."

Jibu: Zaka ni hesabu, mirathi ni hesabu, na hakuna anayesema tuwaachie wahasibu. Mimbari inapozungumzia riba haijawa benki. Inapozungumzia umeme haijawa shirika la umeme. Sisi tunasema hukumu, fundi anasema namna. Anayetaka mimbari inyamaze kwenye mali za watu, anataka dini ibaki kwenye kanzu na kofia.

Shubuha ya pili: "Siku hizi umeme upo mwingi. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Tujibane kwa nini?"

Hii ndiyo kubwa yao, na hii ndiyo inayonishangaza. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, na inazungushwa na maji ya mto Rufiji. Mto! Unaniambia tufuje kwa sababu kuna mto unaotiririka, na jibu la mto unaotiririka limeshatolewa na wanazuoni wako miaka elfu moja na zaidi iliyopita! Tena mto una msimu. Tumesahau mgawo wa mwishoni mwa 2022 na ule wa 2023, mabwawa yalipopungua maji na jenereta zikanguruma nchi nzima? Mvua ni rizki, na rizki haina mkataba na sisi. Zaidi ya hayo, wingi wa umeme kule Rufiji haushushi bili yako Kigwa. Yule bibi wa mia tano hakuchangia megawati, alichangia uniti zako.

Shubuha ya tatu: "Wanaomaliza nishati ya dunia ni Wazungu, Wamarekani na viwanda vyao. Sisi vijijini tuna nini cha kubana?"

Kweli, wao hutumia zaidi, na wataulizwa. Lakini dhambi ya jirani haikuwahi kufuta ya kwako. Na wala tusijidanganye kwamba jambo hili ni la Ulaya. Jirani zetu Kenya walitunga kanuni mwaka 2012 zinazolazimisha watumiaji wakubwa kukaguliwa matumizi yao ya nishati kila baada ya miaka mitatu, na mwaka 2016 wakaweka kanuni za ubora wa vifaa vya umeme, mota zikiwemo. Kwetu upo Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati wa 2024 hadi 2034. Serikali zinahesabu. Waislamu wenye aya ya israfu ndio tungekuwa mbele, tumekuwa nyuma.

Shubuha ya nne: "Vitu bora ni ghali. Sisi ni masikini, tunanunua tunachoweza."

Hii ina ukweli ndani yake, nami siidharau. Mtu asiye na hela hawezi kununua mota mpya kwa mawaidha. Lakini bei ya mota haiishii dukani. Ile mota ya kilowati 15 tuliyoihesabu hula uniti zaidi ya 2,500 kwa mwezi. Kwa shilingi 350 hiyo ni karibu laki tisa, mwezi mmoja! Ukiwa unalipa laki tisa kila mwezi kuilisha, kisha ukachagua mota kwa kuangalia bei ya dukani peke yake, umemchagua ng'ombe kwa bei ya kamba. Muulize muuzaji tofauti ya bei kati ya daraja na daraja, kisha igawe kwa kile utakachookoa kila mwezi. Utajua ni miezi mingapi itajilipa. Na isipolipa, usinunue. Mimi sikuuzii mota.

Na mengi katika haya hayana bei kabisa. Kuzima swichi ni shilingi ngapi?

Naongeza neno moja, nisije nikaeleweka vibaya. Israfu si kutumia. Israfu ni kutumia pasipo manufaa. Mama anayewasha taa mtoto asome usiku, hajafanya israfu. Waumini kupepewa mwezi wa Oktoba joto linapochoma, hiyo ni raha halali, na Allah anapenda kuona athari ya neema Yake. Katika watu wetu wapo wengi ambao tatizo lao ni umeme mdogo, wala si mwingi. Sitaki kumsikia mume anatumia darasa hili kumzimia mkewe taa huku yeye ana runinga inawaka mpaka usiku wa manane na amelala.

WAZEE WALIJENGA, SISI TUNAEZEKA TANURI

Jambo la tatu ni majengo. Kwa nini tunahitaji mapangaboi kumi na mawili kwanza?

Wazee wa Unyanyembe walijenga matembe. Kuta nene za udongo, paa bapa la udongo juu ya miti, baraza mbele. Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857 wakawakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wakiishi katika nyumba za namna hiyo, na pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ukuta mnene hunywa joto mchana polepole, na usiku wetu wa baridi ukaupoza. Mchana ndani ni baridi, usiku ndani kuna vuguvugu. Hakukuwa na swichi, na hakukuwa na LUKU.

Sirudishi watu kwenye udongo. Nauliza tu akili ile imekwenda wapi. Leo tunajenga msikiti wa tofali moja, tunaezeka bati jeusi au jekundu, hatuweki dari, madirisha tunayafanya ya vioo visivyofunguka kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Saa saba mchana, wakati wa Adhuhuri, bati limekuwa kikaango. Joto linashuka moja kwa moja kwenye vichwa vya wanaosujudu. Kisha kamati inakaa na kusema: "Tuchangishe tununue viyoyozi." Umejenga tanuri, sasa unataka kununua barafu ya kulipoza!

Na hapa kuna neema ambayo wengi hatuioni. Kutoka Tabora, kibla kipo karibu kaskazini, kimeelekea mashariki kidogo. Msikiti wenye safu ndefu kwa huku kwetu unakuwa na kuta zake ndefu zinazotazama kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zinazopokea jua la asubuhi na la alasiri. Hivyo hasa ndivyo wajuzi wa majengo wanavyoshauri katika nchi za karibu na ikweta! Ukielekeza jengo kwa kibla huku Tabora, umeshafanya nusu ya kazi ya kulipoza. Sisi tunaiharibu kwa madirisha makubwa ya vioo upande wa magharibi, yasiyo na kivuli.

TUFANYE NINI?

Sipendi darasa linaloishia kwenye kulaumu. Haya ni ya kuanza nayo, kuanzia yasiyo na gharama.

1. Kila msikiti uteue mtu mmoja, kwa jina, wa kuzima. Jambo la wote ni jambo la hakuna. Swichi kuu ishushwe karibu na mlango. Anayefunga kufuli ndiye anayezima.

2. Matumizi ya LUKU yaandikwe kwenye karatasi ukutani: uniti zilizonunuliwa mwezi huu, na mwezi uliopita. Anayechangia ana haki ya kuona.

3. Pampu ya tangi la udhu iwekwe boya la kuzimia. Tangi limejaa, maji yanamwagika, mota inaunguruma: hiyo ni israfu mbili kwa mpigo.

4. Balbu za zamani zitolewe. Balbu ile ya wati 60 hugeuza zaidi ya tisa ya kumi ya umeme wake kuwa joto. Taa ya LED ya wati 9 hivi inatoa mwanga unaokaribiana nayo.

5. Pangaboi likifa, usinunue la aina ile ile bila kuuliza. Zipo aina mpya zinazotumia wati 30 hivi kwa kazi ya lile la wati 75.

6. Kabla ya kiyoyozi, weka dari. Kabla ya dari, kama huna uwezo, paka bati rangi nyeupe, fungua matundu ya juu joto litoke, panda miti upande wa magharibi. Mti ni sadaka inayoendelea.

7. Mwenye mashine: kaza mkanda unaoteleza, paka grisi beringi, badilisha nyundo zilizolika butu na nyavu iliyoziba, maana zote hizo zinaifanya mota ibebe mzigo usio unga. Usifunge mota kubwa kuliko kazi kwa kujionyesha. Na umeme wa njia tatu ukipoteza njia moja, zima haraka. Weka kinga ya kukata yenyewe, la sivyo mota itaungua na utarudi kwa fundi.

8. Fundi: usichome mota kwa moto mkali, na waya urudi unene ule ule. Kama huna waya huo, mwambie mteja ukweli. Ujira wa kazi ya hila hauna baraka hata ukiwa mnono.

9. Nyumbani: aliye kwenye daraja la matumizi madogo anapata uniti 75 za mwezi kwa bei nafuu, na akivuka hapo kila uniti ya ziada hupanda sana. Jokofu lenye mpira uliochanika linaweza kukuvusha wewe bila kujua.

MWISHO

Kabla sijaondoka Kigwa nilikaa na wale wazee wa kamati, tukapiga hesabu hii kwenye nyuma ya bahasha ya nikahi. Walinyamaza. Yule mzee aliyesema kuzima ni ubahili akainuka bila neno, akaenda akazima. Ilikuwa saa nne asubuhi, na taa zilikuwa bado zinawaka. Kisha akarudi akaniuliza: "Shekhe, na zile zilizopita?"

Nilimwambia: zilizopita tunaomba msamaha, na zijazo tunazirudisha kwa wenyewe. Elfu themanini ya kila mwezi ianze kwa yule mjane. Nawe ndugu unayesoma hapa, usiku wa leo kabla ya kulala zunguka nyumba yako, na kesho zunguka msikiti wako. Utakachokizima bila mtu kukihitaji, jua kilikuwa kinakula hela ya mtu anayeihitaji.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema Zako kwa vitendo, usitujaalie kuwa ndugu wa wabadhirifu. Zibariki sadaka za masikini wetu, na utulinde tusije kuzila pasipo kujua. Warehemu wazee wetu waliobeba mizigo katika njia hii. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Wabillaahi tawfiiq.

Mfikishie mwenye funguo za msikiti wako na mwenye mashine ya mtaani kwako, huenda akawa sababu ya yatima mmoja kupata daftari.